Dawati Kwanza, Jengo Baadaye: Mwongozo wa Mkutubi Anayeingia Dunia za Mtandaoni

Kila nikitaja mbele ya wakutubi wenzangu kwamba nina zamu kwenye maktaba iliyo ndani ya dunia ya mtandaoni, maswali huwa yale yale. Hilo si gemu? Lazima ninunue ile miwani ya kuvaa usoni? Ni shilingi ngapi? Nianzie wapi? Nimeyajibu WhatsApp mpaka nimechoka, basi leo nayaweka mahali pamoja, kwa mpangilio ambao ningetamani mtu anielekeze siku yangu ya kwanza.

Dunia ya mtandaoni ninayoizungumzia ni mahali pa kuchora pa pande tatu. Unaingia kwa kompyuta ukiwa na mwili wa kuchora unaoitwa avata, na unawakuta watu wengine wako hapo muda huo huo. Miwani haihitajiki, skrini ya kawaida inatosha. Tutatumia mbili. Second Life, iliyofunguliwa na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco mwaka 2003, ni ya kujifunzia na kutembelea. OpenSimulator, programu huria iliyoanza mwaka 2007, ni ya kujengea maktaba yako mwenyewe.

Na usidhani wewe ndiye mkutubi wa kwanza kuingia huko. Aprili 2006 Alliance Library System, muungano wa maktaba za jimbo la Illinois, Marekani, ulianzisha maktaba ndani ya Second Life, na Oktoba mwaka huo kisiwa chao, Info Island, kikafunguliwa. Walikuwa na majengo, ndiyo, lakini pia walikuwa na dawati la maulizo lenye mkutubi wa kujitolea, anayejibu. Nimeshatembelea maktaba nyingi za huko zenye nguzo za marumaru na kuba la kioo, unazunguka nusu saa husikii hata kikohozi. Ndiyo maana kwenye mwongozo huu utakaa dawatini kabla ya kushika tofali.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye RAM ya GB 8 au zaidi, na ikiwezekana kadi ya michoro ya kujitegemea. Kwa kazi hii simu haitoshi.
- Kipanya chenye gurudumu. Kujenga kwa kidole kwenye kompyuta mpakato ni mateso, usijitie.
- Intaneti ya kutulia. Kila mahali papya pana picha nyingi za kupakua mara ya kwanza, kwa hiyo siku ya kwanza tumia WiFi ya kazini, usichome bando lako la wiki.
- Barua pepe ya idara, kama akaunti ni ya maktaba. Mtu akihama kituo, asihame na akaunti.
- Vipokea sauti vyenye maikrofoni, ukipenda. Wengi huandika tu.
- Saa mbili tulivu kwa wiki, kwa muda wa miezi miwili.

Fedha hazihitajiki kuanza. Akaunti ya kawaida ya Second Life ni bure, na OpenSimulator ni bure kabisa.

Hatua ya 1: Fungua akaunti, pakua programu sahihi

Jisajili Second Life, kisha pakua Firestorm, programu ya kuingilia inayotumiwa na wengi. Hapa ndipo watu hukosea: Firestorm ina matoleo mawili, moja la Second Life peke yake na jingine linaloingia pia OpenSimulator. Chukua hilo la pili. Ukichukua la kwanza, ukifika hatua ya 6 utagonga mwamba na utadhani tatizo ni seva.

Jina la akaunti lifikirie mara mbili. Hilo ndilo watu watakaloona juu ya kichwa chako ukiwa dawatini, na "mtoto_wa_mjini99" halimpi mtu moyo wa kukuuliza habari za vyanzo vya utafiti.

Ukishaingia tu, fungua mipangilio ya michoro uishushe hadi chini, kisha umbali wa kuona uweke mita 64. Utapandisha baadaye ukiona kompyuta inapumua.

Hatua ya 2: Jifunze mambo manne tu

Kutembea: vitufe vya mishale. Kuruka: shikilia Page Up, kushuka Page Down. Kuangalia: shikilia Alt huku ukiburuta kipanya ili kuzungusha kamera, Esc kuirudisha mgongoni kwako. Kuongea: bonyeza Enter, andika, Enter tena.

Kwenye kuongea kuna umbali. Maneno ya kawaida yanamfikia aliye ndani ya mita 20, kunong'ona mita 10, kupaza sauti mita 100. Kumbuka hiyo 20, itakuja kukufaa utakapopanga chumba.

Nguo na nywele achana nazo kwanza. Nimewaona watu wakimaliza wiki mbili wakichagua viatu.

Hatua ya 3: Tembelea kabla ya kujenga

Kwenye kisanduku cha kutafuta andika Community Virtual Library, mtandao wa wakutubi unaoendeleza kazi iliyoanzia Info Island. Kisha tafuta neno "library" uone kingine kilichopo. Maeneo ya Second Life yamepangwa kwa daraja tatu: General, Moderate na Adult. Wewe baki General, hasa kama umeketi kaunta na watoto wa shule wanapita nyuma yako.

Chukua daftari. Kila maktaba jibu maswali matatu: nilitua wapi, ndani ya sekunde kumi niliona cha kufanya, na palikuwa na mtu? Tembelea tano hivyo, utajifunza zaidi ya semina ya siku mbili.

Kama wasomaji wako ni vijana wanaocheza Minecraft, ingia pia kwenye The Uncensored Library. Shirika la Waandishi wa Habari Wasio na Mipaka liliifungua tarehe 12 Machi 2020 ndani ya gemu hiyo, ikiwa na makala zilizozuiwa katika nchi kama Misri, Meksiko, Urusi, Saudi Arabia na Vietnam, zimeandikwa ndani ya vitabu vya gemu. Msomaji anafungua na kusoma, hawezi kubadili. Ni jengo kubwa la kutisha na halina mkutubi kaunta, nakiri linapingana na kichwa cha mwongozo wangu. Ila lina kitu ambacho msomaji wake hakipati kwingine. Kama na wewe unacho, jenga utakavyo.

Hatua ya 4: Weka saa sawa

Kwenye hatua hii watu hukosea kuliko zote, na haina teknolojia hata kidogo.

Saa rasmi ya Second Life ni ya Pwani ya Pasifiki ya Marekani. Sisi wa Dar, Nairobi na Kampala tuko mbele kwa saa 10 wao wakiwa kwenye saa za kiangazi, na kwa saa 11 wakirudi za kawaida. Wanabadilisha saa zao Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi hatubadilishi, kwa hiyo ni sisi tunaochelewa.

Mfano: tangazo linasema mkutano ni saa 12:00 mchana kwa saa za Second Life. Mwezi Julai hiyo kwetu ni saa 4 usiku. Mwezi Januari ni saa 5 usiku. Walio Bujumbura, Kigali na Goma watoe saa moja, walio Muscat waongeze moja.

Sasa mtego wa pili, ambao ni wetu wenyewe: usiandike "saa 4" kwenye tangazo la wageni. Mgeni ataisoma kama 4:00 na atafika kukiwa hakuna mtu. Mimi nimewahi kukaa na viti ishirini vitupu kwa sababu hiyo. Andika 22:00, halafu chini yake weka saa 4 usiku kwa ajili ya watu wa nyumbani.

Lakini tofauti hii ya saa ina faida yake, nayo ndiyo itakupatia nafasi. Saa 4 yetu ya asubuhi, California wako usiku wa manane. Madawati yao huwa hayana mtu. Mkutubi anayejitolea mchana wa Afrika Mashariki anaziba pengo ambalo wao kwa kawaida hawana wa kuliziba.

Hatua ya 5: Omba zamu dawatini

Jiunge na kikundi cha wakutubi ulichokikuta hatua ya 3, jitambulishe, sema saa unazoweza. Usianze kwa kuomba ardhi wala msaada wa kujengewa. Omba kazi. Saa moja kwa wiki inatosha.

Kabla ya zamu andaa karatasi moja yenye anwani za vyanzo unavyovitumia kila siku: katalogi yako, majarida ya bure, Wikipedia ya Kiswahili, hadithi za watoto za African Storybook ambazo zina leseni huria na zipo za Kiswahili. Mgeni akiuliza, unanakili na kubandika. Ukianza kutafuta palepale, dakika mbili za ukimya huku avata yako imesimama kama sanamu, mgeni anaondoka.

Ukiona unahitaji muda, sema: "Nakutafutia, subiri dakika tatu." Dawati la kawaida mgeni anakuona ukifungua droo. Hapa haoni lolote.

Salimia kila anayetua. Usimuulize jina halisi, umri wala anakoishi. Mtu wa kwanza niliyemhudumia alikuwa na kichwa cha mbweha na mabawa ya popo. Akaelea juu ya dawati, akaandika kwa heshima zote kwamba anatafuta maana ya neno la Kiswahili alilolisikia kwenye wimbo, analiandika kadiri ya masikio yake. Tulilibadilisha herufi moja moja mpaka tukafika kwenye "nakupenda". Akashukuru, akapiga mabawa, akaenda zake. Kazi ni ile ile ya kaunta: kumsikiliza mtu mpaka ujue anachotaka hasa.

Baada ya zamu andika ulichoulizwa. Usiandike nani kauliza. Hiyo orodha ya mwezi mmoja ndiyo utakayompelekea mkuu wako wa kitengo anaposema unacheza gemu saa za kazi.

Hatua ya 6: Weka OpenSimulator kwenye kompyuta ya maktaba

Kwa nini usikodi kisiwa Second Life? Kwanza gharama, ambayo hulipwa kila mwezi, kwa dola. Pili, historia. Oktoba 2010 Linden Lab ilitangaza kufuta punguzo la asilimia 50 kwa taasisi za elimu na zisizo za faida kuanzia Januari 2011. Lilirudishwa mwaka 2013, lakini tayari taasisi nyingi zilikuwa zimefunga virago, na nyingine zikahamia OpenSimulator. Cha kwako kiwe kwenye mashine yako.

1. Pakua OpenSimulator, na toleo la .NET (programu ya Microsoft inayoiwezesha kufanya kazi) linalotajwa kwenye ukurasa wake wa kupakulia. Fungua faili lililobanwa.
2. Ndani ya folda ya bin, nakili OpenSim.ini.example uite OpenSim.ini. Ndani ya config-include, nakili StandaloneCommon.ini.example uite StandaloneCommon.ini.
3. Tafuta anwani ya kompyuta hiyo kwenye mtandao wa ofisi, tuseme 192.168.1.20. Mwombe mtu wa IT aifunge isibadilike.
4. Kwenye OpenSim.ini, mstari wa BaseHostname, weka anwani hiyo badala ya 127.0.0.1.
5. Washa OpenSim. Itakuuliza maswali kwenye dirisha jeusi: jina la eneo, mahali lilipo, mlango wa mtandao (port), na kadhalika. Mengi kubali jibu linalopendekezwa. Kwenye "external host name" andika tena ile 192.168.1.20. Mlango uwe 9000.
6. Itakuuliza jina la kwanza, la mwisho na neno la siri la mmiliki. Yaandike kwenye karatasi, karatasi iingie kwenye kabati la kufungwa.
7. Kwenye Firestorm, fungua Preferences, sehemu ya OpenSim, ongeza http://192.168.1.20:9000. Ingia.

Utajikuta umesimama kwenye kisiwa kidogo, maji pande zote. Ni eneo la mita 256 kwa 256, na lote ni lako.

Kuzima ni kwa amri ya shutdown kwenye lile dirisha jeusi. Usilifunge kwa alama ya X, na usiizime kompyuta ghafla, kanzidata inaweza kuharibika. Kama umeme wenu ni wa nenda rudi, UPS, yaani betri ya akiba ya kompyuta, si anasa.

Hatua ya 7: Jenga chumba kimoja

Kimoja. Bila ghorofa.

Bofya ardhi kwa kitufe cha kulia, chagua kujenga, bofya tena ardhini, mchemraba utatokea. Uvute uwe sakafu, nakili uwe ukuta. Dari liwe juu mita 6 au lisiwepo kabisa, maana kamera hukaa nyuma na juu ya kichwa cha avata, na kwenye chumba kifupi mgeni ataona rangi ya dari tu. Milango iwe mipana mita 3. Ngazi hazina kazi kwa watu wanaoruka.

Dawati liwe ndani ya mita 20 kutoka mahali mgeni anapotua. Unakumbuka ile namba? Likiwa mbali zaidi, unasalimia na hakusikii.

Rafu zenye migongo mia mbili ya vitabu zinapendeza kwenye picha ya taarifa ya mwaka, lakini hakuna anayeweza kusoma maandishi hayo. Weka mabango sita makubwa ukutani, kila moja jalada la kitabu au mada, la kubofya. Picha ya pikseli 512 kwa 512 inatosha. Second Life wangekutoza dola 10 za Linden, sarafu yao ya ndani, kuipakia, kwenye seva yako ni bure.

Hatua ya 8: Fanya mabango yafungue vitu

Hariri bango, nenda Content, bonyeza New Script, futa kilichomo, weka hiki:

default
{
    touch_start(integer n)
    {
        llLoadURL(llDetectedKey(0), "Fungua ukurasa huu?", "https://sw.wikipedia.org");
    }
}

Badilisha anwani uweke ya kwako. Mgeni akibofya ataulizwa kama anataka kufungua ukurasa, akikubali unafunguka kwenye kivinjari.

Onyo: weka viungo, usiweke nakala. Kitabu kuwepo kwenye rafu yenu hakukupi ruhusa ya kukiskani na kukibandika ukutani, hata kama ukuta ni wa kuchora. Majalada nayo yana wenyewe. Nami hupiga picha zangu mwenyewe za mada, kwa mfano jahazi au soko, kuliko kuiba jalada.

Hatua ya 9: Hifadhi

Kwenye dirisha jeusi andika:

save oar maktaba.oar

Eneo lote linaingia kwenye faili moja. Linakili kwenye flashi, na flashi isikae chumba kimoja na kompyuta. Fanya hivyo kila siku unayojenga. Mimi sikufanya, umeme ukakatika Ijumaa jioni, Jumatatu nikakuta kisiwa na maji, kazi ya wiki tatu haipo.

Amri ya kurudisha ni load oar maktaba.oar. Tahadhari: inafuta kilichopo na kuweka cha kwenye faili. Mtu aliyeitumia akidhani inaongeza hatausahau huo mchana.

Hatua ya 10: Alika watu watano

Wasiwe hamsini. Kaa kimya nyuma yao kwenye viti vyao halisi, uangalie wanapokwama. Usiwasaidie dakika tano za kwanza. Wakishindwa kupata mlango, kosa ni la mlango.

Ukikwama

*Naonekana kama wingu.* Avata haijamaliza kupakiwa. Bonyeza Ctrl+Alt+R, subiri dakika moja. Ikikataa, toka uingie tena. Wingu linaweza kukaa dawatini na kujibu maswali bila shida, nimelifanya.

*Kila kitu ni kijivu.* Intaneti inapumua kwa shida. Punguza umbali wa kuona, simama mahali pamoja, usizunguke.

*Mimi naingia kwenye OpenSim, wenzangu hawaingii.* Karibu kila mara ni anwani: mahali fulani umeacha 127.0.0.1, ambayo kwa kila kompyuta maana yake ni "mimi mwenyewe". Rudia hatua ya 6, namba 4 na 5. Kama ziko sawa, ukuta wa moto (firewall) wa Windows umezuia mlango 9000. Fungua njia zake zote mbili, TCP na UDP, moja haitoshi.

*Jana iliingia, leo haiingii.* Ruta imeipa kompyuta anwani mpya. Ndiyo ile namba 3 uliyoiruka.

*Nimepotea chini ya bahari.* Shikilia Page Up.

*Mtu anatukana au anamwaga vitu sakafuni.* Usibishane naye. Mfukuze kwenye eneo, mfungie, andika saa na tarehe. Kisha kwenye mipangilio ya ardhi zima ruhusa ya wageni kujenga, ambayo ilipaswa kuwa imezimwa tangu mwanzo.

*Hakuna anayekuja dawatini kwangu Second Life.* Tazama kama umetangaza saa maalumu au umeandika "karibuni wakati wowote". Wakati wowote hakuna anayekuja. Chagua Jumatano saa 2 usiku, yaani 20:00: London bado jioni, California asubuhi, nyumbani watu wameshakula. Uwe umekaa dawatini robo saa kabla.